Thiqa wa Kadhi: Mtu Aliyetajwa Katika Minhaj, Tukamsahau

  

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukisomesha Minhaj at-Talibin ya Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) baada ya sala ya Maghrib, hapa Tanga, tukafika kwenye faslu ya ugomvi wa mke na mume. Ni maneno machache tu. Maana yake ni kuwa mume akimnyima mkewe haki, kadhi humlazimisha kuitoa. Akiwa na tabia mbaya na akamuudhi mkewe pasina sababu, kadhi humkataza. Akirudia, humtia adabu. Na ikiwa kila mmoja anadai kuwa mwenziwe ndiye mwenye kudhulumu, basi kadhi huijua hali yao kwa njia ya thiqa, yaani mtu muaminifu mwenye kuwajua, kisha humzuia yule dhalimu. Ugomvi ukizidi ndipo hupelekwa mahakam wawili, mmoja kutoka kwa jamaa wa mume na mmoja kutoka kwa jamaa wa mke.

Tukasoma, tukaeleza irabu yake, tukataka kupita. Kijana mmoja aliyekaa karibu na nguzo akauliza: "Maalim, huyo thiqa hapa kwetu ni nani?"

Hatukuwa na jibu. Na swali lile lilituuma kuliko alivyokusudia mwenye kuuliza, kwa sababu wiki ile ile alikuwa amekuja nyumbani kwetu mwanamke mmoja kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alipokuja kumshitaki mumewe tulimwambia, mwanangu, subira. Mara ya pili tulimwita mume, tukawakalisha wote wawili kwenye mkeka mmoja, kisha tukamuuliza mke mbele ya mumewe kama ni kweli anapigwa. Aliinamisha kichwa akasema, "Yamekwisha, shekhe." Tukasoma Fatiha, tukaondoka hapo na furaha kuwa tumepata ujira wa wenye kusuluhisha. Mara ya tatu alikuja amefungwa mkono kwa kanga, na mfupa umevunjika.

Sisi tuliokuwa tukiisomesha ibara ile kwa miaka mingi hatukufanya hata kimoja katika yaliyomo ndani yake. Hatukukataza, hatukumtafuta thiqa, hatukumzuia dhalimu. Tulirukia suluhu, ambayo katika mpangilio wa Imam an-Nawawi si jambo la kwanza. Makala hii ni matunda ya kulifuatilia swali la yule kijana katika vitabu.

Mlangoni kwa Mtume (s.a.w.)

Wengi wakizungumza jambo hili huanzia kwenye aya ya 34 ya Suratun Nisaa na huishia hapo hapo. Sisi tutaanzia mlangoni kwa Mtume (s.a.w.), kwani ndipo walipoanzia wanawake wa Madina. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Iyas bin Abdillah kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza wanawake wasipigwe. Sayyidna Umar (r.a.) akaja akaeleza kuwa wanawake wamewapanda waume zao kichwani, ikatolewa ruhusa. Matokeo yake wanawake wengi wakazizunguka nyumba za Mtume wakiwashitaki waume zao. Katika baadhi ya riwaya wametajwa kuwa sabini. Mtume (s.a.w.) akawatangazia watu habari ya wanawake hao, na akasema wazi kuwa waume wa namna hiyo si wabora wao. Na Bibi Aisha (r.a.) ametueleza, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, kuwa yeye mwenyewe Mtume hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi.

Lakini kisa kinachogusa zaidi mada yetu ni cha Habiba bint Sahl (r.a.), mke wa Thabit bin Qays (r.a.). Imam Malik ameipokea katika Muwatta. Mtume (s.a.w.) alitoka kwenda kusali Alfajiri, giza bado limetanda, akamkuta mwanamke mlangoni pake. Akauliza ni nani, kisha akamuuliza ana jambo gani. Habiba akasema hawezi tena kukaa na Thabit. Thabit alipokuja, hakuambiwa Habiba arudie mashitaka yake mbele yake neno kwa neno. Mtume ndiye aliyemwambia Thabit kuwa Habiba amekuja na amesema ambayo Allah amejaalia ayaseme. Kisha akamuamuru achukue mali yake aliyompa, naye Habiba akakaa kwao. Katika riwaya ya Abu Daud kutoka kwa Bibi Aisha imetajwa sababu: alipigwa mpaka akavunjwa sehemu ya mwili.

Wanavyuoni wa hadithi wanajua kuwa visa vya wake wa Thabit vimepokewa kwa njia mbalimbali. Katika Sahihi Bukhari, kwa riwaya ya Ibn Abbas, mkewe anasema hamtii ila ya dini wala ya tabia, na wapo walioona kuwa hao ni wanawake wawili na matukio mawili. Hatuna haja ya kuingia humo. Tunalotaka msomaji alishike ni kuwa Thabit hakuwa mtu wa mitaani. Alikuwa khatibu wa Ansari, na Mtume (s.a.w.) alimbashiria Pepo. Cheo chake hicho hakikumfunga mdomo Habiba, wala hakikumfanya Mtume aseme kuwa mtu kama huyu hawezi kushitakiwa na mkewe. Sisi tukiletewa malalamiko juu ya mtu wa safu ya mbele, neno la kwanza ulimini ni "fulani? haiwezekani."

Ipo pia habari aliyoipokea Imam Ahmad katika Musnad yake kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.), na isnadi yake ina maneno. Mke wa al-Walid bin Uqba alikuja kushitaki kuwa mumewe anampiga. Mtume (s.a.w.) akamwambia akamueleze mumewe kuwa amempa ulinzi. Akaenda, akarudi akasema hakumzidishia ila kipigo. Hapo Mtume akakata kipande cha nguo yake akampa awe nacho kama ushahidi wa ulinzi ule. Akarudi tena na maneno yale yale, ndipo Mtume akanyanyua mikono akamuombea mume huyo shari. Yule mwanamke alikuja mara tatu, na hata mara moja hakuulizwa amefanya nini hata apigwe. Ulinzi wa maneno uliposhindwa, ulifuata ulinzi wenye alama mkononi.

Mahakam, na nyumba ya muaminifu

Zama za makhalifa jambo liliingia katika hukumu. Aya ya 35 ya Suratun Nisaa imeamrisha mahakam wawili, na Imam ash-Shafi amepokea katika al-Umm namna Maswahaba walivyoitekeleza. Sayyidna Uthman (r.a.) aliwatuma Ibn Abbas na Muawiya baina ya Aqil bin Abi Talib na mkewe Fatima bint Utba. Ibn Abbas alikuwa ameshaazimia kuwatenganisha, Muawiya akisema hawezi kuwatenganisha wazee wawili wa Bani Abdi Manaf. Walipofika walikuta mlango umefungwa na wenyewe wamekwishapatana ndani. (Ndugu zetu wanaopenda kukitumia kisa hiki kuthibitisha kuwa mambo ya ndani yaachwe yajimalize, wasisahau kuwa ugomvi wenyewe ulikuwa wa maneno makali, Fatima akiwataja kila siku jamaa zake waliouawa Badr. Hapakuwa na mkono uliovunjika.)

Kwa Sayyidna Ali (r.a.) walikuja mume na mke, kila mmoja na kundi la watu wake. Aliwaambia mahakam kuwa kazi yao ni kuunganisha wakiona kheri ni kuunganisha, na kutenganisha wakiona kheri ni kutenganisha. Mke akasema ameridhika na hukumu ya Kitabu cha Allah, iwe kwake au juu yake. Mume akasema ama kutengana, hapana. Sayyidna Ali akamkemea kwa kumkadhibisha, akaapa kuwa hatatoka mpaka akiri kama alivyokiri mkewe.

Kwa hiyo suluhu ya Kiislamu tangu mwanzo ilikuwa na milango miwili iliyo wazi. Suluhu ambayo mume ameingia akijua kuwa mwisho wake lazima mke arudi nyumbani si ile ya aya ya 35.

Huko Andalus tunamkuta Yahya bin Yahya al-Laythi (aliyefariki mwaka 234 Hijria), ambaye ndiye mpokezi wa Muwatta iliyoenea zaidi duniani. Waliomwandikia tarehe yake wanasema alimkhalifu Imam Malik katika masala machache, na mojawapo ni kuwa panapokosekana katika jamaa wa mke na mume mahakam wawili wanaofaa, alihukumu kwa dar amin, yaani nyumba ya muaminifu: wahamishiwe kwenye nyumba ambayo ndani yake yupo mtu muaminifu wa kushuhudia nani anamdhulumu nani. Baadaye Sheikh Khalil, katika Mukhtasar ambayo Wamaliki wanaisoma mpaka leo, akaandika kuwa mume akidhulumu kadhi humkemea, na humkalisha mke baina ya watu wema ikiwa hayuko baina yao. Jamaa huwa na upendeleo, na wakati mwingine ndio wenye kumrudisha binti yao ili wasirudishe mahari. Wanavyuoni waliliona hilo, wakamtafuta mtu wa tatu.

Sasa turudi kwa Mashafi wetu, kwani mwambao wote huu, kuanzia Lamu mpaka Ngazija, ni wa madhehebu haya. Washereheshaji wa Minhaj, akiwemo al-Khatib ash-Shirbini katika Mughni al-Muhtaj (alifariki mwaka 977 Hijria), waliuliza: kwa nini thiqa mmoja atosheke hapa, hali ya kuwa ushahidi huhitaji wawili? Wakajibu kuwa habari yake imewekwa daraja la riwaya, kwa kuwa ni uzito kupata mashahidi wa mambo yanayotokea ndani ya nyumba. Yaani fiqhi yenyewe ilikubali kuwa mwenye kudhulumu nyuma ya mlango hafanyi hivyo mbele ya mashahidi wawili, ikalegeza sharti ili mwenye kudhulumiwa asipotee. Wakaongeza kuwa kama hakuna jirani muaminifu, kadhi awakalishe pembeni mwa mtu muaminifu atakayeichunguza hali yao na kumfikishia.

Na lipo jambo jingine humo ambalo tulilisoma ujanani na hatukulitia akilini. Imam al-Haramayn (aliyefariki mwaka 478 Hijria) amesema kuwa dhulma ya mume ikithibiti kwa kadhi, naye akachelea kuwa mtu huyu, kwa ujeuri wake, atampiga mkewe kipigo cha kuumiza, basi huwatenganisha makazi mpaka idhaniwe kuwa amerudi kwenye uadilifu. Na mwanafunzi wake al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria) akaeleza atajuaje kuwa amerudi: neno la mume kuwa ametengemaa halitegemewi, linalotegemewa ni neno la mke pamoja na dalili za hali. Tuliposikia mara ya kwanza kuwa leo wanaofanya kazi ya kuwahudumia wanawake waliopigwa hukataa kutosheka na ahadi ya mume, tulidhani ni mambo ya kigeni. Hujjatul Islam amelisema kabla yao kwa miaka zaidi ya mia tisa.

Ribati ya Kairo

Haya hayakubakia maandishi. Mwaka 684 Hijria (1285) huko Kairo, binti wa Sultani adh-Dhahir Baybars aitwaye Tadhkarbay Khatun alijenga ribati kwa ajili ya mwanamke mchamungu Zaynab bint Abil Barakat, maarufu kwa jina la Bint al-Baghdadiyya. Mwanahistoria al-Maqrizi ameiona kwa macho yake, na ameieleza katika Khitat. Anasema wanawake walioachwa, au waliotelekezwa na waume zao, walikuwa wakiwekwa humo mpaka waolewe au warudi kwa waume zao, ili wahifadhike. Daima ilikuwa na shekha wake, mwanamke mwenye kuwawaidhi na kuwafundisha fiqhi.

Mmoja wa mashekha hao ni Ummu Zaynab Fatima bint Abbas al-Baghdadiyya, faqihi wa Kihanbali, aliyefariki mwezi wa Mfungo Tatu mwaka 714 Hijria (1315) naye ameupita umri wa miaka themanini. Ibn Taymiyya, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alimsifu kwa elimu yake. Msomaji azingatie ni nani aliyewekwa kuwapokea wanawake wenye matatizo ya ndoa: hakutafutwa bibi yeyote aliyekuwa na nafasi, alitafutwa mjuzi. Nidhamu ya humo, anasema al-Maqrizi, ilikuwa kali mno, hata mtumishi wa ribati hakumruhusu mtu kutumia birika lenye mdomo mwembamba. Tumelifikiria sana birika hili, na mpaka sasa hatuna uhakika kosa lake lilikuwa nini. Ribati ilidhoofika baada ya misukosuko iliyoanza mwaka 806 Hijria.

Mlango ulipofungwa

Ni vyema kutazama pia mahali ambapo fiqhi haikutoa njia. Bara Hindi ilikuwa na Waislamu wengi wa madhehebu ya Hanafi, ambayo kauli yake mashuhuri haimpi kadhi uwezo wa kuivunja ndoa kwa sababu ya mateso. Isitoshe, utawala wa Kiingereza ulikuwa umewaondoa makadhi. Mwanzoni mwa karne ya 20, hasa Punjab, walitokea wanawake wa Kiislamu waliotangaza kuritadi ili tu ndoa zao zivunjike, kwa kuwa hawakuona mlango mwingine wa kutokea. Tunamuomba Allah atuhifadhi. Fikiri, ndugu msomaji, mwanamke anaitoa dini yake ili aepukane na fimbo.

Maulana Ashraf Ali Thanawi, mmoja wa wakubwa wa Deoband, hakutosheka na kuwalaani. Aliwaandikia wanavyuoni wa Kimaliki wa Hijazi, akakusanya fatwa zao, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kikatoka kitabu chake al-Hila an-Najiza, kinachochukua hukumu za Kimaliki kwa ajili ya wake waliokwama. Sheria ya kuvunja ndoa za Kiislamu ya mwaka 1939 ilifuatia, na ndani yake mateso, hata yasiyo ya kipigo, yakawa sababu ya mke kuomba kuachishwa. Kabla yake dola ya Kiothmani, mwaka 1917, na Misri, kwa sheria namba 25 ya mwaka 1929, nazo zilikuwa zimekwenda kwa Imam Malik kwa ajili ya shida hiyo hiyo.

Mwambao wetu

Kwetu sisi mlango haukufungwa namna hiyo. Makadhi walikuwepo. Mwanachuoni wa Kimarekani Susan Hirsch alikaa katika mahakama za kadhi za Malindi na Mombasa katika miaka ya 1980, na katika kitabu chake cha mwaka 1998 ameeleza kuwa wengi wa wanaofungua mashauri ni wanawake, na kwamba mara nyingi hutoka na haki yao. Msikitini hatuyasemi haya, tunaona tabu.

Tatizo letu ni jingine. Katika Minhaj mkono uliokataza, mkono uliotia adabu, mkono uliomtuma thiqa na mkono uliovunja ndoa ulikuwa mkono mmoja. Ulipokuja utawala wa Kiingereza, kadhi alipunguziwa kazi mpaka akabakiwa na ndoa, talaka na mirathi. Adabu ikahamia kwa polisi na hakimu. Baada ya uhuru Tanganyika iliziondoa kabisa mahakama za makadhi mwaka 1963. Zanzibar zikabaki, na Kenya zikabaki, nazo zimo katika katiba yake ya mwaka 2010. Ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kifungu chake cha 66 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kumtia adabu, na ambayo kwa kawaida hutaka shauri lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Masheikh na maimamu wengi wanakaa katika mabaraza hayo, nasi tumo.

Wapo ndugu waliokipinga kifungu cha 66 kwa kuitaja aya. Tunawakumbusha kuwa Ata bin Abi Rabah, mufti wa Makka katika zama za Tabiina, alisema mume hampigi mkewe bali humkasirikia, na Ibn al-Arabi wa Andalus akaisifu fiqhi yake hiyo. Imam ash-Shafi ameona kuacha ndio bora. Na Sheikh Muhammad at-Tahir ibn Ashur wa Tunis (aliyefariki mwaka 1973) ameandika katika tafsiri yake kuwa watawala wakijua kuwa waume hawaiweki ruhusa hii mahali pake, wanaweza kuizuia na kumuadhibu mwenye kupiga. Ama kipigo cha kuumiza na cha uso, hicho hakina hitilafu kuwa ni haramu, na hicho ndicho kinachofika kwetu.

Basi hivi ndivyo ilivyo leo: mkono wa kuzuia uko kituo cha polisi, wa kutibu uko hospitali, wa kuvunja ndoa uko mahakamani au kwa kadhi, na wa kusuluhisha uko msikitini. Mwanamke mwenye watoto wawili na nauli ya siku moja ndiye anayetakiwa auzunguke mduara wote huo. Akikwama popote, anarudi kwa aliyempiga. Thiqa aliyekuwa akiyaunganisha mambo haya hayumo katika ofisi yoyote.

Zamani za bibi zetu nafasi yake ilishikwa kwa kiasi na somo, yule mwanamke aliyemfunda bibi harusi na ambaye mwari aliweza kumwambia asiyoweza kumwambia mama yake. Somo alikuwa na mlango wa kuingilia nyumbani kwa wanandoa bila kushukiwa. Siku hizi wengi huitwa wiki ya harusi tu, wakishalipwa hawaonekani tena.

Jibu la swali la yule kijana

Tulikwenda kuuliza kwa wanawake wawili wa mji huu wanaoifanya kazi hiyo kwa mafunzo, mmoja muuguzi mstaafu na mwingine aliyesomea mambo ya sheria. Tulikaa nao barazani, nao wakatufundisha, na hatuoni haya kulisema.

La kwanza walilotuambia ni kosa letu wenyewe: usimuulize mke mbele ya mume. Akisema kweli mbele yake, atailipia usiku. Waliposema hivyo tuliikumbuka Alfajiri ya Habiba, peke yake mlangoni, na namna Mtume (s.a.w.) alivyomsemea kwa mumewe. La pili, siku za mke kuondoka ni siku za hatari zaidi, si za usalama, kwani mume wa aina hiyo akiona mamlaka yanamtoka huzidi. Kwa hiyo hawamwambii mwanamke aondoke wala abaki. Wanapanga naye: nani jirani atakayepiga kelele, cheti cha ndoa na vya watoto viko wapi, akitoka anakwenda nyumba gani, na nyumba hiyo isitajwe kwa mtu, hata kwa imamu. Tulipouliza kwa nini hata kwa imamu, mmoja alicheka akasema, "Shekhe, mume akija analia, wewe utamwonyesha." Alisema kweli.

La tatu, huandamana naye. Humpeleka polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, wakachukua fomu ya PF3, humkalisha kwenye foleni ya daktari, huhakikisha majeraha yameandikwa kama yalivyo, kisha kwenye baraza au mahakamani husimama karibu naye. Wanaijua njia, na hilo ndilo linalowatofautisha na jirani mwenye huruma. Sehemu nyingine kuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, ambapo huduma hizi zimewekwa pamoja. Na Kenya, kwa sheria ya mwaka 2015, mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia mwenye kudhulumu asimkaribie mwenziwe, jambo ambalo msomaji wa Imam al-Haramayn hatalishangaa.

Baadhi ya maimamu wametuuliza kama kuyapeleka mambo ya nyumba kwa watu hawa si ghiba na kufichua siri za ndoa. Imam an-Nawawi huyu huyu, katika Riyadh as-Salihin, ameorodhesha sehemu sita ambazo kusema aibu ya mtu kunaruhusiwa, na ya kwanza ni mwenye kudhulumiwa kumshitaki dhalimu wake kwa mwenye uwezo wa kumsaidia. Na katika mlango huo ameitaja hadithi ya Fatima bint Qays (r.a.), aliyetaka ushauri juu ya wanaume wawili waliomposa, Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa mmoja wao, Abu Jahm, haiweki chini fimbo yake. Alimtaja kwa jina.

Wengine wakauliza: je, mwanamke akisema uongo? Huenda. Na ndiyo sababu fiqhi ikamweka thiqa mwenye kuchunguza, haikusema kila mwenye kulia aaminiwe wala kila mwenye ndevu aaminiwe. Lakini uwezekano wa uongo haukuwafanya wanavyuoni waufunge mlango. Uliwafanya waweke mtu mlangoni.

Katika msikiti wetu hivi sasa tumekubaliana hivi. Mwanamke akija na malalamiko ya kupigwa, imamu hamwiti mume. Anampeleka kwa mmoja wa wale wanawake wawili, na suala la suluhu haligusiwi mpaka wao waseme, kwa neno la mke mwenyewe na kwa dalili walizoziona, kuwa pana amani ya kukaa kikao. Kukipatikana kikao, kila mmoja huja na hakam wake, na mume huulizwa mwanzo kabisa swali la Sayyidna Ali (r.a.): uko tayari kwa kuunganishwa na kwa kutenganishwa? Wapo walioinuka wakaenda zao. Tumewaandika majina, na barua zimekwenda mahakamani kueleza kuwa suluhu imeshindikana.

Yule mwanamke wa mkono uliovunjika hakurudi kwetu mara ya nne. Alikwenda kwa ndugu yake, na shauri lake likamalizikia mahakamani. Mwaka jana tulimuona sokoni Ngamiani akiuza vitumbua, mkono ule umepona lakini haunyooki vizuri. Alitusalimia kwa heshima, "Shikamoo shekhe," akatufungia vitumbua vinne, akakataa kupokea pesa.